Mtoto anayetimiza miaka miwili akiwa safarini: usikubali wakala "akusaidie mfumo"

Dada yangu, simamisha malipo hayo leo, hata kabla hujamaliza kusoma majibu mengine yaliyotangulia hapa. Umeandika kwamba mnaondoka Kigoma tarehe 3 mwezi ujao kupitia Dar es Salaam kwenda Maskati kwa shangazi yako, kwamba binti yako anatimiza miaka miwili tarehe 11, kwamba mnarudi tarehe 28, na kwamba wakala wa tiketi amekwambia umlipie mtoto tiketi ya kupakatwa kwenda na kurudi kwa sababu "siku ya kuondoka bado hajafikisha miwili, mengine nitayaweka sawa kwenye mfumo". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nisukume pembeni madaftari ya Kidato cha Pili na kuanza kuandika. Niliwahi kuambiwa maneno kama hayo hayo, na yalinigharimu zaidi ya laki saba ndani ya muda usiozidi dakika arobaini, mbele ya foleni ya watu waliokuwa wakinihurumia na kunilaani kwa wakati mmoja.

Umri wa mtoto huhesabiwa kwa tarehe ya kila ndege anayopanda, wala si kwa tarehe mliyofunga mabegi nyumbani. Aliye chini ya miaka miwili kwa kawaida hupakatwa na mtu mzima mmoja, hapewi kiti, na kwa safari za kimataifa mashirika mengi humtoza takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Siku anapotimiza miaka miwili anahama kundi na kuingia katika lile la watoto wa miaka 2 hadi chini ya 12, ambao ni lazima wawe na kiti chao na mkanda wao, na ambao mara nyingi hulipiwa kama robo tatu ya nauli ya mtu mzima, ingawa yapo mashirika yanayotoza nauli nzima. Kwa hiyo binti yako atakwenda Maskati akiwa mtoto wa kupakatwa na atarudi akiwa abiria mwenye kiti. Mashirika mengine yatamuuzia tiketi kwa mgawanyo huo huo, yaani kupakatwa wakati wa kwenda na kiti wakati wa kurudi; mengine yatataka alipiwe kiti kwa safari nzima tangu mwanzo kwa kuwa anatimiza miaka miwili akiwa njiani. Yote mawili yanavumilika ukiyajua ukiwa bado Kigoma. Kuyajua ukiwa umesimama kaunta siku ya kurudi ndiko kusikovumilika.

Najua umeuliza pia habari za masikio ya mtoto na kile kitanda kidogo cha kwenye ndege. Nitafika huko. Kwanza nikueleze yaliyonipata, kwa sababu naona unatembea katika nyayo zangu moja baada ya nyingine.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nalisema hili mapema ili wanaotaka kucheka wacheke wamalize: mtu anayelipwa mshahara kwa kufundisha kujumlisha na kutoa alishindwa kugundua kwamba mtoto aliyezaliwa tarehe 2 Januari 2022 atakuwa amevuka miaka miwili ifikapo tarehe 6 Januari 2024. Mke wangu amelisimulia jambo hili mbele ya wageni mara nyingi kiasi kwamba siku hizi namsaidia kuweka vituo.

Tuliondoka Kigoma tarehe 16 Desemba 2023 kwenda kula sikukuu kwa mama mkwe, Kimara, Dar es Salaam. Siku hiyo binti yetu alikuwa na mwaka mmoja, miezi kumi na moja na siku kumi na nne. Mama yake alimpakata, mhudumu akaleta ule mkanda mdogo wa ziada unaopachikwa kwenye mkanda wa mzazi na kumzunguka mtoto kiunoni, tukaruka, tukatua, na hakuna aliyetuuliza lolote. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nilikuwa nimelipa shilingi 28,700 tu kwa ajili yake katika safari ya kurudi, wakati kiti changu mwenyewe kilikuwa 287,000, na wiki zote tatu za Kimara nilikuwa nikiwaeleza mashemeji jinsi mtu mwenye akili anavyosafiri na familia.

Siku ya kurudi ilikuwa Jumamosi, tarehe 6 Januari, na Jumatatu yake nilitakiwa kuwa shuleni. Kila mtu wa Kigoma aliyekuwa Dar kwa ajili ya sikukuu alikuwa amechagua ndege ileile, na haikuwa na hata kiti kimoja kilichobaki. Dada wa kaunta alichukua vitambulisho vyetu, akabofya, akatulia, akamtazama binti yangu aliyekuwa amesimama juu ya mzani wa mizigo akirukaruka, kisha akaitazama tena kompyuta yake. Akaniuliza kwa upole kabisa kama huyu ndiye mtoto mwenye mwaka mmoja. Mimi, badala ya kunyamaza, nikasema ndiye. Akainama juu ya kaunta, akamwuliza mwenyewe: "Mama, una miaka mingapi?"

Bibi yake alikuwa ametumia siku nne tangu ile keki kumfundisha jibu la swali hilo. Binti yangu akainua mkono, akakunja vidole kimoja kimoja kwa kutumia mkono wa pili kama mtu anayemenya ndizi, hadi vikabaki viwili vimesimama, akavionyesha kwa fahari kwa dada yule, kwa mlinzi, na kwa watu wawili waliokuwa nyuma yetu. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Cheti cha kuzaliwa nilikuwa nacho, kwa sababu mimi ni mtu wa vyeti. Dada akaweka kidole kwenye tarehe, akaigeuza kompyuta yake kidogo ili na mimi nione, na hapo nikasoma kwa macho yangu kwamba wakala wetu alikuwa ameandika tarehe ya kuzaliwa ya binti yangu kuwa 02/01/2023. Alikuwa amemrudisha mtoto nyuma mwaka mzima. Nilitoka pembeni nikampigia simu palepale, nikiwa bado na matumaini kwamba ni makosa ya vidole. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyenitendea wema: "Mwalimu, mfumo ulikuwa unakataa, nikausaidia."

Nataka usome tena sentensi hiyo, dada yangu, kisha usome tena ile uliyoambiwa wewe. Mfumo ulikataa kwa sababu ulikuwa umefanya hesabu ambayo mimi sikuifanya. Uliona kwamba kufikia tarehe ya kurudi mtoto atakuwa amepita umri wa kupakatwa, na ukakataa kumuuzia tiketi ya kupakatwa, kama unavyotakiwa kufanya. Ulikuwa ndiyo kiumbe pekee katika ofisi ile kilichokuwa na akili timamu siku hiyo, na kijana yule akauziba mdomo, akapokea fedha yangu, akanipa risiti na pipi ya mtoto. Sikupewa hata fursa ya kuwa mjinga kwa hiari yangu. Ofisi yenyewe, huko Mwanga, hapa Kigoma, ina bango kubwa la ndege ukutani na feni ya mezani isiyozunguka, na nakiri kwamba bango lile lilinidanganya kabla yeye hajanidanganya, kwa sababu nilidhani mwenye picha ya ndege ataijua ndege.

Pale kaunta nilijitetea kwa kila hoja niliyokuwa nayo. Nilisema tutampakata tu, kama tulivyokuja. Nilisema ni siku nne tu. Nilisema mtoto mwenyewe ni mwembamba. Dada yule hakupandisha sauti hata mara moja. Alinieleza kwamba aliyefikisha miaka miwili haruhusiwi kuruka bila kiti chake, kwamba siku nne na miezi minne kwao ni kitu kimoja, na kwamba viti vyote vina wenyewe. Kisha akanipa njia moja iliyobaki: mmoja wetu, mimi au mke wangu, abaki, ili kiti chake kitolewe, na kiti hicho mtoto akikatiwe tiketi mpya. Tiketi hiyo ingekuwa ya bei ya siku ileile, kwa maana bei za chini zilikwisha tangu Novemba.

Kwa hiyo nilinunua kiti changu mwenyewe kwa mara ya pili, kwa ajili ya mtu ambaye miguu yake haifiki ukingoni mwa kiti. Tiketi ya mtoto ilikuwa 342,000. Yangu ilikuwa ya daraja la bei ya chini kabisa, lile lisilorejeshewa fedha wala kubadilishiwa tarehe, hivyo 287,000 zilikufa palepale. Alfajiri ya Jumapili nilikuwa Kituo cha Magufuli, Mbezi, nikipanda basi la Kigoma kwa 78,000, na Jumatatu niliingia darasani saa nne nikiwa na miguu iliyovimba hadi viatu havifungiki. Ukijumlisha na zile 28,700 za kupakatwa nilizokuwa nimelipa, jumla ni 735,700. Kama ningemkatia kiti cha kurudi tangu mwanzo, kwa robo tatu ya bei yangu, ningelipa 215,250, na pamoja na 287,000 za kiti changu jumla ingekuwa 502,250. Tofauti ni 233,450, ambayo ukiigawanya kwa zile siku nne unapata shilingi 58,362 na senti hamsini kwa kila siku ambayo binti yangu alizidi miaka miwili. Nililipiga hesabu hilo ndani ya basi, mahali fulani baada ya Singida, na ndilo hesabu pekee nililolifanya kwa usahihi katika safari ile.

Na kwenye ndege, kwa mujibu wa mama yake, binti alikubali kufungwa mkanda wakati wa kuruka baada ya vita vya dakika tano, taa ya mkanda ilipozimwa akahamia mapajani, akalala humo mpaka walipokaribia kutua na mhudumu kuja kuagiza arudishwe kitini. Kwa sehemu kubwa ya safari kiti cha laki tatu na arobaini na mbili kilikaliwa na mfuko wa nepi.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kanuni hii ni njia ya mashirika kutukamua. Baadaye nilisoma habari za ajali ya mwaka 1989, ya ndege kubwa iliyopata hitilafu ya injini ikaanguka ikijaribu kutua Sioux City, katika jimbo la Iowa, Marekani. Kulikuwa na watoto wanne wa kupakatwa. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa kuwaambia wazazi wawalaze sakafuni, miguuni pao, na wazazi wakafanya hivyo. Mmoja wa watoto hao alifariki, na mkuu wa wahudumu aliyetoa maelekezo yale alitumia miaka mingi baadaye akidai kila mtoto, hata mchanga, awe na kiti. Sababu inaeleweka hata kwa mwanafunzi wa fizikia: ndege inaposimama ghafla, mtoto wa kilo kumi na mbili huvuta mikono ya mama kwa nguvu ya mzigo mara nyingi zaidi ya uzito wake, na hakuna mikono ya mama inayoshika gunia la namna hiyo. Mpaka wa miaka miwili ni ruhusa iliyoachwa kwa walio wadogo kabisa. Nilipolielewa hilo, hasira yangu kwa dada wa kaunta ilikwisha yote na ikahamia Mwanga, ambako ipo mpaka leo.

Sasa tazama hali yako, kwa sababu ni mbaya kuliko yangu. Mimi nilikwama Dar, mahali penye mama mkwe na mabasi. Wewe utakwama Maskati, na siku hizi hakuna jahazi la kukurudisha Bagamoyo. Pia, safari yangu ilikuwa ya ndani ya nchi na uongo wa wakala uligunduliwa kwa vidole viwili vya mtoto. Safari yako inahitaji mtoto awe na pasipoti yake mwenyewe, na tarehe ya kuzaliwa imechapwa ndani yake, ambayo kila kaunta na kila afisa atakayeishika ataiona. Wakala akiweka tarehe nyingine kwenye tiketi ili "kuweka sawa", utakuwa na karatasi mbili zinazopingana kuhusu mtoto mmoja, ugenini, usiku, na ni wewe utakayeulizwa, kwa kuwa yeye atakuwa amelala Kigoma.

Halafu una ndege mbili kila upande, na huenda ni za mashirika mawili tofauti. Kila moja iulizwe peke yake, kwa sababu kuwa na kiti kutoka Maskati hadi Dar hakumpi mtoto kiti kutoka Dar hadi Kigoma. Hakikisha tiketi ya mtoto imo katika namba ileile ya kumbukumbu ya safari na yako, maana akikatiwa peke yake mfumo unaweza kumpangia kiti safu kumi mbele yako. Na kwa wale wengine wanaosoma uzi huu ambao mtoto wao anatimiza miaka miwili siku ileile ya safari, angalieni saa: ndege inayoondoka saa sita na nusu usiku ni ya tarehe mpya, hata kama nyinyi mlifika uwanjani jioni ya tarehe ya jana na mtoto hajalala bado.

Masikio: mnyonyeshe au mpe chupa ndege inapopaa na hasa inapoanza kushuka, kwa sababu kumeza ndiko kunakoyafungua, na usimwache alale usingizi mzito wakati wa kushuka. Kitanda kidogo kisahau. Hupachikwa kwenye ukuta wa mbele wa ndege kubwa, mashirika mengi huweka kikomo cha kilo kama 10 au 11, na mtoto wa karibu miaka miwili atakikanyaga na kukishusha. Katika ndege za mapangaboi kama zile tulizozoea kuziona Kigoma hakuna hata pa kukipachika.

Ukienda kwa wakala kesho, mwambie akuchapie safari nzima kwenye karatasi, usikubali ya kuonyeshwa kwenye simu. Kwenye jina la binti yako tafuta herufi tatu. INF ni mtoto wa kupakatwa, na CHD ni mtoto mwenye kiti. Kwa ndege za tarehe 3 INF ni sawa, kama shirika lenu linakubali mgawanyo huo. Kwa ndege za tarehe 28 ni lazima usome CHD, kwenye zote mbili, na tarehe ya kuzaliwa iwe ile ile iliyo kwenye pasipoti, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona INF kwenye safari ya kurudi, usitoke ofisini kwake na usitoe hata shilingi.

Na kabla hujaondoka hapo, nifanyie hisani moja, tazama ukutani kama pana bango kubwa la ndege, na mezani kama pana feni isiyozunguka, kisha urudi hapa uniambie.